Deizi, Ua Dogo la Nyasini: Mwongozo Kamili wa Kulisoma Katika Fasihi

Wasomaji wengi wakikuta ua ndani ya shairi hukimbilia maana yake: waridi ni mapenzi, urujuani ni uaminifu, deizi ni usafi wa moyo. Maana hizo zina asili yake, lakini anayeanza nazo hujinyima sehemu tamu ya kazi. Waandishi waliolitaja ua hili kwa uzito walikuwa wamelitazama kwanza, na walichokiandika kilitokana na jinsi linavyoota, linavyofumba na linavyokanyagwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini, kwenye nyasi, ndipo uende kwenye vitabu. Unamfaa mwanafunzi anayeandaa insha, mwalimu anayetafuta namna ya kufundisha ishara bila kuwakaririsha watu orodha, na yeyote anayependa mashairi.

Nimechagua deizi ya kawaida, Bellis perennis, kwa sababu haina fahari yoyote na bado imeandikiwa kwa zaidi ya miaka mia sita. Njia yenyewe utaweza kuitumia kwa ua lolote dogo la porini.

Hatua ya kwanza: piga magoti ulitazame

Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliliandikisha ua hili kwa jina hilo la kisayansi mwaka 1753, lakini watu wa Ulaya walikuwa wakiishi nalo tangu zamani. Huota penye nyasi fupi: malishoni, kando ya njia, kwenye nyua za makanisa, juu ya makaburi. Majani yake ni ya mviringo na yamelala chini kabisa yakizunguka shina. Kutoka katikati huchomoza kikonyo kitupu kisicho na jani, kirefu cha sentimita chache tu, na juu yake kichwa kimoja cha ua. Ng'ombe akilisha, au nyasi zikikatwa, kichwa huenda lakini majani yale hubaki, na baada ya siku chache ua jingine linatokea. Katika nchi zake za asili huchanua hasa kuanzia Machi hadi Oktoba, na baridi ikilegea unaweza kulikuta hata katikati ya majira ya baridi.

Sasa lichume moja ulisogeze karibu na macho. Kile tunachokiita ua ni mkusanyiko wa vijiua vingi. Ile njano ya katikati ni vijiua vidogo vilivyobanana, na kila kile cheupe kinachoonekana kama petali ni kijiua kizima kilichonyooshwa upande mmoja. Kisha lipindue. Chini ya weupe ule, hasa kwenye ncha, mara nyingi kuna wekundu, kuanzia waridi hafifu hadi damu ya mzee. Jioni, au mvua inapokaribia, weupe hujikunja juu na kuifunika njano, na hapo ule wekundu wa nje ndio unaoonekana. Asubuhi jua likitoka, hufunguka tena.

Usiruke hatua hii. Katika shairi refu la mshairi Mwingereza Tennyson liitwalo Maud, la mwaka 1855, mpenzi anasema anajua njia aliyopita msichana wake, kwa kuwa miguu yake imegusa malisho na kuziacha deizi zikiwa na rangi ya waridi. Msomaji ambaye hajawahi kulipindua ua hili ataona hapo chumvi ya mapenzi tu. Wewe uliyelipindua unajua kwamba mguu ukipita, vichwa vinainama na upande wa chini unatazama juu. Mpenzi yule anasoma nyayo. Ukweli wa shambani na hisia vimebebana katika mshororo mmoja, na hakuna kamusi ya ishara ambayo ingekuonyesha hilo.

Kama ua lenyewe haliko karibu nawe, tafuta picha za pande tatu: kutoka juu, kutoka chini, na likiwa limefumba. Andika unachokiona kwa maneno yako kabla hujafungua kitabu chochote.

Hatua ya pili: hakikisha ndilo ua lenyewe

Kuna deizi kubwa inayofanana nayo, Leucanthemum vulgare, yenye mashina marefu yanayofika magotini na zaidi, na vichwa vipana. Hiyo huota kwenye nyasi ndefu, na hukatwa pamoja nazo. Ua linalojificha chini ya kwato na ua linalosimama juu ya nyasi haviwezi kubeba unyenyekevu wa aina moja, kwa hiyo jiulize mwandishi anaelezea lipi. Tazama kimo, tazama mahali, tazama msimu.

Tahadhari ya pili inahusu matini. Watu wengi wanaamini kwamba katika tamthilia ya Faust ya Mjerumani Goethe, sehemu ya kwanza iliyotoka mwaka 1808, msichana Gretchen anachuna deizi akisema "ananipenda, hanipendi". Maelezo ya jukwaani ya Goethe yanataja ua la nyota, bila kusema zaidi. Picha ya deizi tunaichangia sisi wasomaji, na ina msingi: jina kamili la Gretchen ni Margarete, na kwa Kifaransa marguerite ni jina la deizi na la binti pia. Ukiandika kuhusu onyesho hilo, sema kilichoandikwa, kisha ueleze kwa nini deizi imeingia. Usivichanganye viwili hivyo.

Hatua ya tatu: anza na Chaucer

Kila ishara ina mtu aliyeipa nguvu, na kwa deizi katika fasihi ya Kiingereza mtu huyo ni Geoffrey Chaucer. Utangulizi wa The Legend of Good Women, ulioandikwa miaka ya 1380, unaanza na msomaji sugu ambaye hakuna kinachomtoa kwenye vitabu vyake, isipokuwa mwezi wa Mei. Hapo huviweka kando akaenda malishoni. Huamka kabla ya jua ili alione ua likifunguka, na jioni hukimbia tena kulitazama likifumba, kwa vile, asema, linachukia giza. Siku moja anajilaza kwa kiwiko na ubavu kutwa nzima, hana shughuli nyingine ila kulitazama. Humohumo anasema kwamba watu wana haki ya kuliita jicho la mchana, ambayo ndiyo asili ya neno la Kiingereza daisy.

Kisha usiku anaota. Mungu wa Mapenzi anakuja akiongozana na malkia aliyevaa kijani, nywele zake zimefunikwa na wavu wa dhahabu, na juu yake taji jeupe lenye petali ndogo, kiasi kwamba kwa mbali ni deizi inayotembea. Huyo ni Alceste, mke wa visa vya kale vya Wagiriki aliyekubali kufa badala ya mumewe. Mungu wa Mapenzi amemkasirikia mshairi kwa kuandika habari za wanawake waliosaliti. Malkia anamtetea, na adhabu anayopewa ni kuandika habari za wanawake waaminifu.

Ukisoma kwa pupa utaandika "kwa Chaucer deizi ni uaminifu". Ni kweli, ila jiulize uaminifu huo umetoka wapi. Umetoka kwenye tabia ya ua tuliloliona katika hatua ya kwanza: kila siku linaligeukia jua, kila usiku linajifunga, na kesho linafungua tena. Alceste alishuka kwenye giza la kifo akarudi, na ua hilo hufanya vivyo hivyo kila machweo na mapambazuko. Washairi wa Ufaransa wa zama zake, akina Machaut, Froissart na Deschamps, walikwishalisifu ua hili kabla yake au pamoja naye, kwa hiyo alikuta desturi ipo. Alichokiongeza yeye, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote, ni ule mwili uliolala kwenye umande ukitazama.

Hatua ya nne: chukua shairi moja ulipasue

Hapa tumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Shairi linalofaa ni To a Mountain Daisy la Robert Burns, ambalo jina lake refu linataja kwamba alilipindua ua kwa plau mwezi wa Aprili 1786. Burns alikuwa mkulima kweli, katika shamba la Mossgiel huko Ayrshire, Uskoti. Majira hayo alikuwa na taabu: babake Jean Armour, binti aliyekuwa na mimba yake, alikuwa amemkataa, naye alikuwa akijiandaa kuhamia Jamaika. Shairi lilitoka Julai mwaka huohuo katika diwani yake ya kwanza, iliyochapwa Kilmarnock.

Lina beti tisa, kila moja mishororo sita. Zisome mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, weka alama kando ya kila ubeti: nani anazungumziwa hapa? Utapata mgawanyo huu. Beti tano za mwanzo ni za ua. Wa sita unamtaja msichana asiye na hila aliyeponzwa na mapenzi. Wa saba, mshairi wa kawaida aliyetupwa kwenye bahari ya maisha asiyejua kusoma dira. Wa nane, mtu mwema aliyeteswa na shida na ujanja wa watu. Wa tisa unamgeukia yule anayelililia ua: hata wewe, yatakukuta hayohayo, na plau ya maangamizi inakuja.

Mara ya tatu, rudi kwenye zile beti tano na daftari lako la hatua ya kwanza. Mshororo wa ufunguzi unalitaja ua kuwa dogo, la staha, lenye ncha nyekundu. Ncha nyekundu! Mtu aliyesimama wima nyuma ya farasi wa plau hawezi kuziona. Burns amesimamisha plau akainama, na neno hilo moja ndilo ushahidi. Ubeti wa pili unamtaja ndege jirani, kipozamataza, ambaye angelipinda ua kwa kifua chake chenye madoa wakati akiruka kuilaki asubuhi. Naye hakuwekwa kwa mapambo: ndege huyo hujenga kiota ardhini, kwenye nyasi za wazi, palepale linapoota ua. Ubeti wa nne unalinganisha: maua ya bustani yana miti na kuta za kuyakinga, hili lina kinga ya bonge la udongo au jiwe lililokuwepo kwa bahati.

Sasa uliza swali gumu: kwa nini ua hili, ambalo ng'ombe na mikato ya nyasi hailiwezi, linakufa hapa? Kwa sababu plau haikati juu, inapindua kitanda kizima na kuyazika majani. Burns amechagua kifo pekee ambacho deizi haina kinga nacho. Ndiyo maana beti za watu zinauma. Msichana, mshairi na mtu mwema wote ni watu waliozoea kukanyagwa na kuinuka, na safari hii kilichowakuta kimetoka chini ya mizizi.

Wahakiki wengine huziona beti nne za mwisho kuwa za kuhubiri mno, na mimi nakubali kwamba zile tano za mwanzo ndizo shairi lenyewe. Lakini usizikate. Bila hizo huwezi kuona ni wapi mkulima anaacha kuomba radhi na kuanza kujiogopea.

Hatua ya tano: uliza ni nani analitamka ua

Katika Hamlet ya Shakespeare, tendo la nne, onyesho la tano, Ophelia aliyepotewa na akili anagawa maua. Rozmari anaieleza: ni ya kumbukumbu. Pansi anaieleza: ni ya mawazo. Akifika kwenye deizi anasema tu kwamba kuna deizi, kisha anahamia kwenye urujuani, ambao asema ulinyauka wote babake alipokufa. Haielezi, na matini haisemi anampa nani.

Kimya hicho ndicho cha kukifanyia kazi. Mwaka 1592, miaka michache kabla ya tamthilia hiyo, mwandishi Robert Greene aliiita deizi ua la unafiki, linalowaonya wasichana wepesi wa kupenda wasiziamini ahadi za makapera. Basi kwa mtazamaji wa zama zile ua hilo lingeweza kusikika kama usafi wa moyo, au kama onyo lililochelewa kwa msichana aliyeahidiwa na kuachwa. Usilazimishe moja. Fuata badala yake lilikoishia: katika onyesho la saba Malkia Gertrude anaeleza Ophelia alivyozama, na deizi zimo katika mashada aliyokuwa ameyasuka.

Mfano wa pili ni rahisi zaidi. Katika David Copperfield ya Dickens, iliyotoka kama kitabu mwaka 1850, rafiki yake Steerforth anamwita David "Daisy", akisema hata deizi ya shambani alfajiri haina ubichi wa David. Ni sifa. Ila Rosa Dartle, mwanamke mwenye macho makali, anauliza kwa nini anaitwa hivyo. Je, ni kwa sababu anaonekana mdogo na asiyejua mambo? Na anayelitoa jina hilo ndiye atakayekuja kuwasaliti waliomkaribisha. Andika pembeni ya kila ukurasa ambapo jina hilo linatokea: nani anasema, anataka nini. Fanya vivyo hivyo kwa Daisy Miller wa Henry James, 1878, ambaye mdogo wake anafichua kwamba jina lake halisi ni Annie, na kwa Daisy wa The Great Gatsby, 1925, mwenye weupe wa nje na dhahabu ya ndani. Onyo la Greene litakurudia hapo.

Hatua ya sita: lifuate hadi makaburini

Deizi hupenda nyasi fupi zisizolimwa, na hakuna mahali pa namna hiyo panapodumu kama makaburi. Mshairi Shelley, katika dibaji ya Adonais, mbolezi yake ya mwaka 1821 kwa mshairi mwenzake Keats, anayaelezea makaburi ya Roma alikozikwa Keats kuwa uwanja wa wazi kati ya magofu, unaofunikwa na urujuani na deizi wakati wa baridi. Henry James anamzika Daisy Miller katika makaburi ya Waprotestanti ya jiji hilohilo, na anaweka deizi za Aprili kandokando ya udongo mbichi.

Kwa mshairi Wordsworth jambo hili lilikuwa la nyumbani. Mwaka 1807 alichapisha mashairi matatu kwa ua hili, yote ya furaha. Katika moja anacheza na tashbihi: ni mtawa mnyenyekevu, ni malkia mwenye taji la yakuti, ni maskini mwenye nguo chache, ni zimwi dogo lenye jicho moja, ni ngao ya fedha. Mwishoni anaziacha zote na kuliita kwa jina tupu la ua, akisema jina hilo ndilo anashikamana nalo. Lakini Februari 1805 ndugu yake John, nahodha wa meli Earl of Abergavenny, alikuwa amekufa maji karibu na Portland, na Wordsworth alimtungia mbolezi inayoliambia ua hilohilo kwamba litalala na kuamka juu ya kaburi la John. Yasome kwa kufuatana. Kulala na kuamka, tabia ileile iliyompendeza Chaucer, hapa imewekwa juu ya mtu ambaye hataamka.

Hatua ya saba: sasa ndipo ufungue kamusi za maua

Vitabu vya lugha ya maua vilienea baada ya kile cha Charlotte de Latour kilichotoka Paris mwaka 1819. Cha Kate Greenaway cha mwaka 1884 kinaipa deizi maana ya usafi wa moyo, na deizi ya mwituni maana ya "nitalifikiria". Vitumie kwa kazi za karne ya 19 ambazo wahusika wake wangeweza kuvisoma. Kumsomea Chaucer au Shakespeare kwa Greenaway ni kurudisha nyuma saa kwa miaka mia kadhaa.

Hatua ya nane: soma kazi ambamo ua ndilo mhusika

Hadithi ya Hans Christian Andersen kuhusu deizi, ya mwaka 1838, ni fupi, na ni vizuri kuisoma ukiwa umepitia hatua zote. Ua limeota kando ya mtaro, nje ya uzio, huku ndani peoni na tulipu zikijivuna. Kipozamataza anateremka, anayapita yale ya fahari, analiimbia na kulibusu. Kesho yake ndege amefungwa tunduni. Wavulana wawili wanakata kipande cha nyasi chenye ua hilo wamtilie, wanasahau kumpa maji, naye anakufa kwa kiu. Wanamzika kwa heshima katika kisanduku kizuri chekundu, na nyasi zile pamoja na ua zinatupwa njiani.

Msomaji wa Burns atamtambua ndege na atalitambua bonge la udongo. Lakini kwa Burns mtu anaona alichokifanya na kuomba radhi. Kwa Andersen ua ndilo linaloona, lina huruma tele, na halina sauti ya kumwambia ndege hata neno moja. Tofauti hiyo pekee inatosha insha.

Hatua ya tisa: andika

Chagua kazi mbili tu, zinazogusa tabia moja ya ua: kufumba na kufunguka, kulala chini, wekundu wa chini ya petali, au kuota makaburini. Anza aya yako na tabia hiyo ya mmea, onyesha mshororo unaoigusa, ndipo useme imekuwa na maana gani mdomoni mwa msemaji yule. Kama sentensi yako ingebaki kweli hata ukibadilisha deizi kuwa waridi, ifute uanze upya. Epuka kuandika "linaashiria" zaidi ya mara moja kwa ukurasa, andika linachofanya. Taja toleo unalolitumia, hasa kwa Chaucer, kwa kuwa utangulizi ule umetufikia katika matoleo mawili yanayotofautiana. Na kwa Burns, tafuta toleo lenye ufafanuzi wa maneno ya Kiskoti pembeni, usome shairi kwa sauti kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kwa sababu mishororo yake mifupi ya nne na ya sita hukata pumzi mahali ambapo jicho peke yake halitasimama.